Chungu Kilichonunuliwa Sokoni

Leo nazungumzia chungu. Ni kile ambacho mwanafunzi wa darasa la tano aliagizwa akafinyange nyumbani, akilete Jumatatu kiwekewe alama. Jumapili jioni imefika, ndani ya nyumba hakuna udongo wa mfinyanzi, na hakuna aliyemwonyesha mtoto namna ya kuukanda wala kuukausha. Mama anafungua pochi, mtoto anatumwa sokoni, chungu kinanunuliwa. Jumatatu mwalimu anakipokea, anaandika alama, chungu kinakwenda stoo. Sasa tuulizane: aliyefaulu ni nani? Ni yule mama muuza vyungu pale sokoni, ambaye hata habari hana kwamba amepata tisini kwa mia katika Stadi za Kazi.

Waliosoma shule za msingi Tanzania wanalijua hili. Kama hukuambiwa chungu, uliambiwa fagio la chelewa, au mwiko, au kata, au mpini wa jembe. Shule ilipata mafagio, jiko la shule likapata miko, mtoto akajifunza bei za sokoni. Ndugu zetu wa Kenya nao wana lao. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, wazazi wamelalamika sana kuhusu kazi za nyumbani za watoto: saa nne za usiku baba anakata boksi, mama anabandika gundi, na mwenye kazi yake keshalala zamani.

Nalisema sasa kwa sababu wakati wake ni huu. Mtaala ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024 una somo linaloitwa Sanaa na Michezo. Somo bado changa, mazoea yake bado hayajakomaa. Michezo sina wasiwasi nayo, ina mashindano yake ya UMITASHUMTA, ina kombe na jezi. Ninayoihofia ni sanaa, isije ikarudi kulekule kwenye mafagio.

Msimamo wangu ni huu: kazi ya sanaa ya mtoto ifanyikie darasani, kwa mikono ya mtoto mwenyewe, kwa vitu visivyonunuliwa. Na ikimalizika, isifanane na ya jirani yake.

Hilo la kutofanana ndilo gumu. Mwambie mtoto yeyote, kuanzia Mtwara mpaka Mwanza, achore nyumba. Utaletewa paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili kama macho, jua linachungulia kwenye kona ya karatasi, na ndege wawili wenye umbo la herufi ya V. Mtoto anayeishi kwenye yale majengo marefu ya Michenzani, Unguja, ghorofa juu ya ghorofa, naye atakuchorea nyumba hiyohiyo. Si kwamba hajaiona kwao. Anaiona kila siku. Ila nyumba ya kwao haijawahi kuchorwa ubaoni, na yeye amefundishwa kwamba kuchora ni kunakili ubao.

Dawa yake haina gharama. Usimwambie achore nyumba, mwambie achore mlango wa kwao. Una kitasa au komeo? Umepigwa rangi gani, na imebanduka wapi? Kuna pazia? Nani amekaa kizingitini? Wakubwa kidogo, wa darasa la sita au la saba, waambie wachore njia ya kutoka nyumbani mpaka shuleni: duka la kona, mwembe, gereji ya bodaboda, mahali penye mbwa mkali. Kazi hiyo ni picha na ni ramani kwa pamoja, na mwalimu wa Jiografia ataishukuru. Hakuna wawili watakaoleta kitu kimoja, maana hakuna wawili wanaopita njia moja wakaogopa mbwa mmoja.

Lakini kama ningeruhusiwa kumwomba mwalimu kipindi kimoja tu, ningeomba cha kanga.

Kanga iko katika kila nyumba, kwa hiyo mfano wa kuonyesha haununuliwi. Ina sehemu tatu ambazo bibi yeyote atakutajia: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Chukua karatasi, nyuma ya kalenda ya mwaka jana inatosha kabisa. Ikunje mara mbili ipate robo nne. Mtoto achore robo moja tu ya pindo, kisha ahamishie robo nyingine tatu, zote zikutane pembeni bila kupishana. Hapo ndipo jasho linatoka. Atagundua kwamba ua lake haliishii palepale linapoanzia la robo ya jirani, atafuta, atapima kwa rula, atahesabu. Hilo ndilo somo la ulinganifu lililo kwenye kitabu cha Hisabati, isipokuwa safari hii mtoto mwenyewe analitaka jibu.

Mji ni wake aamue. Mwenye kupenda mpira ataweka mpira, wa Kilwa ataweka jahazi, mwingine ataweka simu ya mkononi. Usimkataze. Kanga zenyewe tangu zamani zimewekwa kila kitu, kuanzia korosho mpaka picha za viongozi.

Kisha lije jina. Kanga haisemi moja kwa moja, inasema kwa mbali, na anayehusika anajua. Mpe mtoto kazi ya kutunga maneno yasiyozidi sita kwa mtu asiyemtaja: kaka anayemchukulia penseli, rafiki aliyemsengenya, au mama, kwa kumshukuru. Mafumbo yanafundishwa kwenye kipindi cha Kiswahili kwa kukariri, na huku mtoto anatunga la kwake, lina mtu wake na sababu yake. Nakutahadharisha tu, mwalimu: kati ya hizo kanga, mbili tatu zitakuwa zinakulenga wewe. Zibandike ukutani na hizo.

Swali linalokuja haraka ni rangi. Rangi za dukani ni ghali, na darasa lina watoto themanini. Basi tuingie jikoni. Manjano ya kupikia ina rangi, mkaa uliosagwa unatoa weusi, udongo mwekundu upo nyuma ya darasa, na majani mabichi ukiyaponda unapata kijani. Ili rangi ishike kwenye karatasi isipukutike, changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopoa. Uji huohuo ukiwa mzito ndio gundi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, au kipande cha sponji la godoro.

Na hapo kwenye manjano usipite haraka. Koroga kidogo kwenye maji, paka kwenye karatasi, halafu juu yake dondosha maji ya magadi. Ile njano itageuka nyekundu mbele ya macho ya watoto. Sasa kamulia ndimu: itarudi njano. Mama yeyote aliyewahi kufua shati lenye doa la mchuzi wa manjano kwa sabuni ya mche ameliona doa likiwa jekundu, akadhani shati limeharibika. Mtoto akishaijua siri hiyo anaweza kuchora picha nzima kwa magadi juu ya karatasi ya manjano, na wakati huohuo ameshaanza kujua tofauti ya asidi na besi kabla mwalimu wa Sayansi hajafungua mdomo.

Kwa wadogo, wa darasa la kwanza na la pili, ambao mkono bado haujatulia, mihuri inafaa zaidi kuliko kuchora. Kata bamia kwa upana, chovya kwenye rangi, gandamiza: ua la pande tano. Kata mgongo wa jani la mgomba: mwezi mchanga wenye vyumba vidogovidogo ndani. Watoto watapiga mihuri mpaka vidole vibadilike rangi. Sare zitachafuka, ndiyo. Waje na shati kuukuu siku hiyo.

Watu wa Pwani wana utajiri mwingine, ukili. Msusi wa mkeka wa ukindu anahesabu bila kuandika: huu upite juu ya miwili, chini ya mmoja, ule uliotiwa rangi utokeze kila baada ya kadhaa. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi miaka mingi Msumbiji na kufariki mwaka 2014, aliandika vitabu kadhaa kuhusu hisabati iliyomo ndani ya vikapu na ususi wa Afrika. Shule ikiwa na bibi jirani anayesuka, aalikwe. Watoto waanze na vipande vya magazeti, wakizoea waende kwenye ukindu. Na bibi alipwe nauli na chai, asichukuliwe kama burudani.

Kuna watakaosema haya ni michezo ya kitoto. Nawapeleka Kiwayu, kimojawapo cha visiwa vya Lamu, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya. Miaka ya tisini, bahari ilikuwa ikileta ndara kuukuu kwa wingi ufukweni. Watoto wa pale walizikata wakatengeneza vitu vya kuchezea. Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyekuwa akifanya kazi eneo lile, akaiona kazi yao, akawatia moyo kina mama waitengeneze kwa kuuza. Kutoka hapo ikazaliwa Ocean Sole ya Nairobi, ambayo leo inachonga twiga na kasa wa ndara na kuwauza nchi za nje. Hukohuko Lamu, mwaka 2018, lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa na kuvikwa ndara za rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Watoto walitangulia, watu wazima wakafuata.

Na Edward Saidi Tingatinga je? Mwaka 1968, Dar es Salaam, hakuwa na turubai. Alichora kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na mtindo una jina lake hadi leo. Ila tafadhali, mwalimu, usiwaamrishe watoto themanini wanakili tembo wake. Wape ubao na rangi, uwaulize wao mnyama gani anawasumbua usiku.

Najua hoja ya mitihani: kisichotahiniwa hakifundishwi. Kenya iliwahi kuitahini sanaa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, baadaye ikaondolewa, na ilipoondolewa vipindi vyake vikaliwa na Hisabati. Walimu hawakuwa wabaya, walifundisha kilichoulizwa. Kwa hiyo sitaki sanaa iachwe bila kupimwa, nataka ipimwe kwa haki. Unadhifu usiwe kipimo cha kwanza, kwa sababu mzazi siku zote atakuwa nadhifu kuliko mtoto. Mwalimu amuulize mwanafunzi maswali mawili: kwa nini umefanya hivi, na ulipokwama ulifanyaje? Aliyenunua hawezi kujibu la pili. Kwa darasa la watoto themanini, wagawe makundi manane, kila wiki uhoji kundi moja. Ndani ya muhula umewamaliza.

Wazazi, nanyi nina ombi kwenu. Mtoto akirudi na picha ambayo tembo ana miguu mitano, msimsahihishe. Mwulizeni wa tano ni wa nini. Akitumwa kuleta chungu cha kufinyanga, msifungue pochi. Mwandikieni mwalimu kwa heshima kwamba nyumbani hakuna udongo, na mwombeni kazi hiyo ifanyikie shuleni.

Na maofisa elimu mnaonisikiliza: mnapokagua shule, msiulize kama somo la Sanaa lipo kwenye ratiba. Lipo, limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ombeni kuonyeshwa kazi za watoto za mwezi huu, zikiwa na majina na tarehe. Zikiwa zote zinafanana, andikeni kwenye ripoti kwamba halikufundishwa.