Gemu za Zamani: Zimekufa, Lakini Zina Wenyewe

(Mawaidha kwa vijana baada ya Swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, mumeniletea swali zito kuliko linavyoonekana. Kijana mmoja anadaunlodi gemu za zamani, zile za kaseti za Nintendo na Sega ambazo dukani hazipatikani tena. Anazitia kwenye fleshi pamoja na emuleta, anauza. Mwezi huu wateja ni wengi, watu wanataka kupitisha mchana. (Hilo la kupitisha saumu kwa gemu lina mawaidha yake, leo tuliwache.) Sasa anauliza: gemu zimekufa, wenyewe wameziwacha, je, naweza kumfuturisha mamangu kwa pesa hizi?

Tuanze na emuleta, maana watu huchanganya. Hiyo ni programu inayofanya kompyuta au simu ijifanye ile mashine ya zamani. Yenyewe kama yenyewe haina ubaya. Sony waliwashtaki Connectix huko Marekani kwa kutengeneza programu ya kucheza CD za PlayStation kwenye kompyuta, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikawapa Connectix ushindi.

Tatizo ni gemu zenyewe. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985. Kwa sheria ya Marekani kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kutolewa, yaani mpaka mwisho wa 2080. Mimi na wewe tutakuwa wapi? Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Ukiwa nayo kihalali inakuruhusu kutoa nakala ya akiba, na haki yako ikiisha nakala hiyo uiharibu. Haisemi kwamba kitu kikikosekana dukani kimekuwa cha bure. Na hao munaosema wameziwacha, mbona Nintendo walianza kuziuza tena kwenye Wii mwaka 2006? Mwaka 2018 waliwabana wenye LoveROMS, waliokuwa wakizigawa mtandaoni, na wakakubaliana kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12.

Atasema mtu, hiyo ni sheria ya serikali, dini yasemaje? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Kuwait mwaka 1988, ikapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Wako wanazuoni waliokhitalifiana. Lakini sisi watu wa Shafi'i manfaa kwetu ni mali, hatuhitaji kitu cha kushika mkononi.

Wengine hukimbilia mlango wa luqata, kitu kilichookotwa. Haya, tuingie humo. Anayeokota kitu cha thamani hutangaza mwaka mzima. Akishakitumia, na mwenyewe akatokea, humlipa. Wewe umetangaza wapi? Tena luqata ni ya kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Nintendo, Sega, nani asiyewajua?

Na lile neno la kwamba wale ni makafiri, naomba tusilisikie tena. Siku ya Hijra, Mtume (S.A.W.) alimwacha Sayyidna Ali Makka arudishe amana za watu, na hao ndio waliokuwa wakitaka kumuua.

Nakubali kuna malalamiko ya haki. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali, na mwaka 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Mimi naona huo ni ubahili. Anayehifadhi kitu kisipotee na anayekiuza kwenye fleshi si sawa. Hata hivyo, ubahili wa mwenye mali haukupi wewe mali yake.

Basi kijana wetu afanye nini? Fleshi asiuze tena, na aliyoyapata aulizie kwa shekhe wake ana kwa ana, kwa sababu hesabu ya pesa za watu haifanywi kwa kipaza sauti. Ufundi wake haujaharamishwa. Atengeneze mashine, auze kaseti na CD asili za mtumba, amtilie mtu emuleta kwa ujira wa kazi yake, mradi asimtilie na gemu za wizi. Pia ziko gemu ambazo wenyewe wamezitoa kwa ridhaa. Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994, wenyewe Revolution Software wa Uingereza waliiachia bure mwaka 2003. Za namna hiyo zitafutwe, na masharti yasomwe kwanza.

Naona saa ya kwenda kusaidia jikoni imefika. Wenye maswali tukutane baada ya tarawehe.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.