Sikio Zima, Maneno Yanayopotea: Kuchunguza Ubongo wa Mtoto Asiyeshika Usemi, Kisii na Nyamira

Walimu, wauguzi, maafisa wa kliniki na wenzetu wa vituo vya tathmini,

Kuna mtoto mnayemfahamu nyote. Ukimwita mkiwa wawili, anaitika. Masikio yake yakipimwa, hayana kasoro. Lakini darasa likijaa, mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati na mwalimu akatoa maagizo matatu kwa mfululizo, yeye hushika la kwanza kisha hubaki akiwatazama wenzake. Nyumbani huitwa mkaidi, shuleni huitwa mzito. Hoja yangu ni kwamba mtoto huyu anastahili kuchunguzwa ubongo, na kwamba hapa kwetu uchunguzi huo usingoje mashine kubwa. Uanze na kipimo cha umeme wa neva ya usikivu, pamoja na maneno ya Ekegusii yaliyoteuliwa kwa makini.

Matibabu ya kichwa si jambo geni Gusii. Ababari, waganga wetu wa jadi wa kupasua kichwa, walifungua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa bila kukoma baada ya kugongwa, wakiukwangua mfupa kwa tahadhari kubwa ili wasitoboe utando wa ubongo. Edward Margetts aliandika habari zao mwaka 1967, na mwaka 1985 kundi la madaktari likachapisha uchunguzi mwingine. Ustadi huo nauheshimu. Ila omobari aliongozwa na macho, vidole na maelezo ya mgonjwa. Namna ubongo unavyofanya kazi hakuweza kuiona.

Leo vichwa vinagongwa katika ajali za bodaboda, nasi mara nyingi tunatosheka kuuliza kama mfupa umevunjika. Mwaka 2016 maabara ya Nina Kraus, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilitoa matokeo ya watoto waliopata mtikisiko wa ubongo. Walibandikwa vinasa umeme kichwani na kusikilizishwa silabi moja tu. Ubongo wao uliitikia kwa unyonge na kwa kuchelewa ukilinganishwa na wa wenzao, hasa katika kufuata kimo cha sauti. Picha ya CT haiwezi kuonyesha ucheleweshaji wa aina hiyo.

MRI nayo, ile mashine kubwa, inafanyaje? Ishara ya sauti hutoka kwenye koklea, ndani ya sikio, hupita kwenye neva na shina la ubongo, hadi sehemu ya juu ya upande wa ubongo, penye mkunjo uliopewa jina la Richard Heschl. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI inaweza kutambua mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Eneo linalofanya kazi huletewa damu zaidi, na picha huonyesha hivyo. Taabu ni kwamba mashine yenyewe ina kelele inayoweza kupita desibeli 100, ilhali kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinamwekea mfanyakazi wa kiwanda, cha chai au kinginecho, kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Utampimaje mtu usikivu ndani ya kelele hiyo? Watafiti waligundua njia nzuri: mashine inyamaze, sauti itolewe, kisha picha ipigwe sekunde chache baadaye, kwa kuwa damu hufika ikiwa imechelewa kidogo.

MRI hutufaa kumwona mtoto aliyezaliwa bila neva ya usikivu, kuona uvimbe, au kovu lililoachwa na ugonjwa. Huko Blantyre, Malawi, utafiti wa mwaka 2015 uliwapiga picha watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Nyanda zetu za juu zimepata milipuko ya malaria, na utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali hubaki na matatizo ya lugha. Mwalimu akiuliza mzazi, "Aliwahi kulazwa na degedege?", ameanza uchunguzi wa maana.

Lakini hakuna picha ya MRI inayotosha peke yake kusema kwamba mtoto huyu ana tatizo la kuchakata sauti. Tofauti nyingi zinazochapishwa ni za wastani wa makundi. Nayo mashine ndogo ya tesla 0.05 iliyoundwa Mbarara, Uganda, mwaka 2022, hatua ninayoifurahia sana, inalenga umbo la ubongo, si mwendo wa oksijeni. Kwa watoto wachanga kuna kofia inayopima oksijeni hiyo kwa mwanga, iliyokwisha kujaribiwa kijijini Keneba, Gambia. Hiyo humfaa pia mwenye koklea ya kupandikizwa, ambaye sumaku ya MRI humletea shida.

Tuje kwenye vinavyofikika. Tangu David Kemp alipogundua mwaka 1978 kwamba sikio zima hutoa mwangwi wake, tunaweza kupima koklea bila mtoto kujibu neno. Kisha vinasa umeme husoma mawimbi ya shina la ubongo, hata mtoto akiwa usingizini. Mwangwi ukiwapo na mawimbi yakivurugika, tatizo huenda liko kwenye neva, kama inavyotokea kwa baadhi ya watoto waliopata umanjano mkali walipozaliwa. Mtoto wa namna hii akipewa kifaa cha kukuza sauti tu, anaweza kusikia kelele kubwa zaidi bila kuelewa maneno.

Vipimo vyote viwili vikiwa safi, hubaki kipimo cha maneno ndani ya kelele, na hapa ndipo pengo letu lilipo. Ukimpima mtoto wa Nyamira kwa maneno ya Kiingereza, unapima masomo yake. Ekegusii ni lugha ya toni: kimo cha sauti hubeba maana, nacho ndicho ambacho ubongo uliotikiswa hukifuata kwa shida. Orodha iliyotafsiriwa haitafaa. Tunahitaji maneno ambayo mtoto wa miaka saba huyatumia, yaliyopangwa kwa toni, yakasomwa na msemaji mzawa na kurekodiwa pamoja na kelele halisi ya darasa na mvua juu ya bati.

Tukiingoja orodha hiyo, mtoto aketi mbele, apewe agizo moja moja, na aombwe kulirudia kwa maneno yake. Walimu wa Ekegusii mliopo, nawaomba mbaki baada ya kikao cha mchana tuandike maneno hamsini ya kwanza.