Adimu kwa Namna Gani? Makazi na Mimea ya Porini kati ya Pande na Saadani



Mimea adimu ya ukanda huu haikupungua kwa sababu moja, wala haitaokolewa kwa dawa moja. Mwaka 1981 mwanaikolojia wa Marekani, Deborah Rabinowitz, alitaka kila mmea uulizwe maswali matatu: umeenea hadi wapi, unachagua makazi kiasi gani, na pale unapoota ni mwingi au haba?

Tuanze na msikundazi, mojawapo ya miti ya mikoko. Kwa kuenea hauna shida. Unaota kuanzia kwetu hadi visiwa vya Pasifiki. Ila hauoti kila mahali penye mikoko. Mlilana, mkoko mwingine, husimama mbele, topeni, bahari inakojaa na kupwa kila siku. Msikundazi hukaa nyuma, mahali ambapo maji ya Wami na Ruvu yamepunguza chumvi. Tukiweka walinzi wa kufukuza mashoka tu, tumelinda nusu. Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto ukinywea wakati wa kiangazi, maji ya chumvi hupanda. Mazungumzo ya msikundazi bila watu wa maji ni mazungumzo pungufu.

Mpingo ni kinyume chake. Umeenea sehemu kubwa ya Afrika na hauna makuu katika udongo. Kilichoadimika ni miti minene, iliyonyooka, inayotakiwa na wachonga vinyago na watengenezaji wa klarineti. Anayehesabu mashina bila kupima unene ataandika kwamba mpingo upo tele, na kwa hesabu yake hatakuwa amekosea.

Kundi la tatu ndilo linaloninyima usingizi: mimea ya misitu midogo ya pwani, kama Zaraninge, ambao sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Baadhi yake ilikuwa michache kabla hata ya biashara ya mkaa, na uchache huo si ugonjwa. Hatari ni kwamba mmea wa kilima kimoja unaweza kumalizwa na matanuri ya msimu mmoja. Mfano ni mti uitwao Karomia gigas: ulikusanywa Kenya mwaka 1977, ukaonekana Kilwa mwaka 1993, kisha ukadhaniwa umetoweka, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena mwaka 2011.

Hata msandarusi, mti wa utomvu uitwao sandarusi, usomwe kwa tahadhari. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani ya Mrima ilipitia Unguja kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya na Marekani, na iliyo bora ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa tena na mti wake. Basi vichaka vya msandarusi tunavyoviona leo huenda ni masalia tu ya msitu uliokuwa mpana zaidi.

Napendekeza fomu zetu za ukaguzi ziwe na nafasi ya majibu ya maswali yale matatu, pamoja na unene wa shina. Kila mmea wenye utata ukaushwe na kupelekwa Chuo Kikuu. Jina la kienyeji liandikwe pamoja na kijiji lilikotajwa, maana Mkwere na Mzigua wanaweza kuuita mti uleule kwa majina mawili, nasi tukahesabu miti miwili.