Mnamjua Meya wa New York. MCA wa wadi yenu je?

(Haya ni maneno tuliyozungumza na vijana wa Itumbe, Jumapili baada ya Adhuhuri. Waliokosa kikao wameomba yaandikwe, basi haya hapa. Soma, halafu mtumie mwenzako.)



Najua kuna waliofunga vibanda sokoni, kuna walioacha pikipiki pale steji na kila dakika hapa ni abiria aliyepotea. Sitawaweka sana.

Nianze na swali. Nani hapa anamjua Zohran Mamdani? Inueni mikono. Mashallah, karibu wote. Mmeona video zake, mmezisambaza kwenye status, na siku ile ya tarehe 4 Novemba 2025 aliposhinda kuwa Meya wa New York, kuna waliokesha wakisubiri matokeo kama ni mechi ya Arsenal. Na mna haki ya kufurahi. Kijana Muislamu, amezaliwa Kampala hapo jirani mwaka 1991, anaongoza mji mkubwa kuliko yote Marekani. Si jambo dogo.

Sasa swali la pili. Nani ana namba ya simu ya MCA wa wadi yake? Nani anajua ofisi ya msimamizi wa wadi iko wapi? Nani amewahi kuhudhuria hata kikao kimoja cha maoni ya wananchi juu ya bajeti ya kaunti?

Mikono imeshuka. Si kwamba nataka kuwaaibisha, mimi mwenyewe miaka mingi ningekaa kimya hivyo hivyo. Lakini hilo ndilo lililonileta. Tunamjua meya wa mji ambao hatutalala hata usiku mmoja, na hatumjui anayeamua ushuru mama analipa akitandika nyanya zake sokoni.

Mtu ataniambia, "Lakini sisi hatuna meya." Kweli, hatuna. Na hapo ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo tuelewane vizuri.

Kenya ilikuwa na mameya. Nairobi ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Charles Rubia, mwaka 1962, kabla hata ya uhuru. Kisumu hapo, Grace Onyango alikuwa meya mwaka 1965, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika cheo hicho nchini. Mombasa, Najib Balala alikuwa meya miaka ya 1998 na 1999, akiwa bado kijana. Mji wa Kisii nao ulikuwa na meya wake mpaka 2013. Huku mashambani kwetu tulikuwa na baraza la kaunti na mwenyekiti wake.

Lakini vijana wengi hawajui jambo hili: raia hakumpigia meya kura. Wewe ulimchagua diwani wa wadi yako. Madiwani, pamoja na wale wa kuteuliwa, ndio waliokaa chumbani wakachagua meya. Waulizeni wazee. Wiki ya uchaguzi wa meya madiwani walikuwa wanapotea. Walifichwa hotelini mbali na mji, wanakula, wanalala, ili mgombea wa upande wa pili asiwafikie na bahasha nono zaidi. Siku ya kura wanaletwa kwa gari moja wakiwa wamekubaliana. Wewe mwenye mji uko nje unasubiri kuambiwa nani ameshinda.

Na hata huyo meya hakuwa salama. Mwaka 1983 serikali kuu ilivunja baraza la Nairobi, ikaweka tume. Mji mkuu wa nchi ukaendeshwa na watu wasiochaguliwa mpaka 1992. Miaka tisa! Mtoto anazaliwa, anaingia darasa la tatu, mji hauna diwani.

Katiba ya 2010 ikaja ikabadilisha. Uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yale yote yakaisha, tukapata kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake. Gavana unampigia kura wewe mwenyewe. MCA unampigia wewe mwenyewe. Hakuna hoteli katikati.

Lakini ile kazi ya meya ilienda wapi? Hili ni muhimu, shikeni. Kazi za baraza zilienda kwa kaunti: masoko, takataka, taa za barabarani, leseni za biashara, barabara za kaunti, zahanati na hospitali za kaunti, chekechea. Miji mikubwa kama Kisii na Nyamira ina bodi ya manispaa na meneja wake. Bodi hiyo haichaguliwi na wewe. Wajumbe wanateuliwa na gavana na kupitishwa na bunge la kaunti, na sheria inataka ndani yake wawepo pia wawakilishi wa biashara, wa sekta ya jua kali na wa vyama vya wakazi. Sasa jiulize, ni wangapi kati yetu wenye maduka na vibanda mjini waliwahi kuuliza mwakilishi wao kwenye bodi ile ni nani?

Kwa hiyo meya hajafa. Amegawanywa vipande. Kipande kikubwa kiko kwa gavana, kingine kwa bodi, na ufunguo wa vyote uko kwa MCA, kwa sababu bila bunge la kaunti bajeti haipiti na bodi haipiti.

Na hapa tunamkosea MCA, kisha tunajikosea wenyewe. Tunamtaka alipe karo, achangie mazishi, anunue sare za timu. Akileta tunasema ni mtu mzuri. Kazi yake kisheria ni tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kumchunga gavana na watu wake. Ni kazi nzito. Mnakumbuka Machi 2024, Seneti iliunga mkono uamuzi wa MCA wa Kisii wa kumwondoa naibu gavana. Ukubali uamuzi ule au usiukubali, utajua kwamba mtu unayemuomba mia mbili ya chai ana nguvu za kumtoa kiongozi ofisini. Nguvu hizo umemuuliza anazitumiaje?

Sasa niwaguse sisi Waislamu. Huku Gusii sisi ni wachache, tunajua. Na uchache umetufundisha tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni kusema, "Kura zetu zitafanya nini?" Ya pili ni kungoja mgombea aje msikitini siku kumi kabla ya uchaguzi, avae kofia, atoe salamu kwa kukosea, aache mfuko wa mchele, na sisi tupige picha naye.

Jamani, hebu tuone yanayotuuma. Kwetu kila familia huzika shambani kwake. Muislamu asiye na shamba atazikwa wapi? Makaburi ya umma ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Katiba, Jedwali la Nne. Tunataka machinjio safi, tule nyama tukijua imechinjwaje? Machinjio ya kaunti nayo yako mle mle. Kwa hiyo hatuendi kuomba sadaka. Tunaenda kudai huduma kama raia yeyote wa kaunti hii. Lakini huduma hiyo haitoki kwa mchele. Inatoka kwenye bajeti, na bajeti ina tarehe zake.

Tarehe hizo ziandikeni. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti lazima ipeleke bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kama barabara yako haimo humo, usitegemee kuiona kwenye bajeti. Kufikia 28 Februari, inapeleka karatasi ya mkakati wa fedha, inayosema kila idara ipate kiasi gani. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Halafu kuna mswada wa fedha wa kaunti, huo ndio unaopanga ushuru wa soko, ada za leseni na pesa za kuegesha. Katika hatua hizi sheria inataka wananchi wasikizwe. Mara nyingi kikao kinatangazwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, wanakuja watu wachache, wengi wao ni wale wale wa mheshimiwa, wanatia sahihi, imekwisha. Sisi tuko kwenye simu tunamshangilia Mamdani.

Tumshangilie, lakini tujifunze kwake alivyoshinda. New York Waislamu ni wachache pia. Kama angeomba kura kwa sababu ya jina lake angepata kura za jamaa zake, basi. Alianza na kodi ya nyumba, nauli ya basi na malezi ya watoto wadogo, mambo yanayomuuma kila mtu, Myahudi, Mkristo, Muislamu na asiye na dini. Dini yake hakuificha, aliingia misikitini bila haya, lakini kila mtaa aliouingia aliongea shida ya mtaa ule. Hakuanza na umeya. Alianza na kiti cha bunge la jimbo, akiwakilisha sehemu ya Queens. Na alikuwa na maelfu ya vijana wa kujitolea waliogonga mlango mmoja mmoja. Upande wa pili alikuwapo Andrew Cuomo, gavana wa zamani, mwenye jina na mwenye pesa. Kwenye mchujo wa chama Juni 2025 akamshinda, na Novemba akamshinda tena.

Huku kwetu shida ya kila mtu ni ipi? Mvua ikinyesha, barabara ya kupeleka majani chai inakuwa tope, na gari la kubeba chai likichelewa kituoni, majani yanaharibika. Majani hayo hayaulizi dini ya aliyeyachuma. Mama wa ndizi anayelipa ushuru kila siku na soko halina choo, shida yake ni ya mamako pia. Kijana Muislamu akisimama akasema hayo, akayajua kwa tarehe na kwa hesabu, jirani yake asiye Muislamu atamsikiza. Uchache si ugonjwa. Ugonjwa ni kukaa pembeni.

Na kusimama si ndoto. Katiba, kifungu cha 193, inasema mtu anayetaka kugombea umca bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi yake. Mia tano! Kundi lenu la WhatsApp na marafiki wa marafiki. Mmoja wenu hapa, kaka au dada, anaweza.

Lakini kwanza ujisajili. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa nchini walikuwa milioni 22.1, na vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika hata asilimia 40. Mwaka 2024 mlijaa barabarani mpaka mswada wa fedha ukarudishwa. Nguvu ile ni kweli, na kuna waliolipa kwa damu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ila barabara haina kiti bungeni. IEBC ilifungua tena usajili tarehe 29 Septemba 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Asiye na kitambulisho aanze Jumatatu. Najua wapo wenzetu, hasa Wanubi na Wasomali, ambao wamezoea kuulizwa maswali mengi kuliko wengine pale ofisini. Usikate tamaa, usiende peke yako. Andika tarehe uliyoenda, andika ulichoambiwa, utuambie. Tutakwenda pamoja.

Na mheshimiwa akija, kwa maana watakuja, muulizeni maswali matatu. Moja: mwaka jana kaunti ilitengea wadi hii nini, na kimejengwa nini? Mbili: kwenye mswada wa fedha uliunga mkono ushuru gani uongezwe? Tatu: baada ya kura, utakaa na sisi lini na wapi kutupa hesabu? Ambaye hajawahi kushika kiti mwambieni aeleze atafanya nini kwa hayo hayo. Akianza kucheka na kuingiza mkono mfukoni, jibu mmelipata.

Hiyo mia mbili mnayopewa, ipigeni hesabu. Miaka mitano ni siku zaidi ya 1,800. Mia mbili ugawe kwa siku hizo, hupati hata senti kumi na mbili kwa siku. Peremende haununui. Kura ni amana. Amana hatuuzi, na hongo tunajua hukumu yake, sihitaji kuwahubiria.

Nimalizie na kazi, maana kikao bila kazi ni porojo. Kabla ya Ijumaa ijayo nataka kila kundi la watu watano lilete vitu vitatu: jina na namba ya MCA wake, mahali ilipo ofisi ya msimamizi wa wadi, na nakala au picha ya mpango wa maendeleo wa mwaka huu ukurasa unaotaja wadi yenu. Ukinyimwa, lete jina la ofisi na siku uliyonyimwa. Haki ya kupata habari iko kifungu cha 35 cha Katiba, na barua ya kuidai tutaiandika pamoja hapa hapa.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona haki yetu na moyo wa kuisimamia haki ya jirani pia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.