Kuingia Moja kwa Moja kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Namna ya Kuweka na Mahali Nywila Inapobaki

Kuingia moja kwa moja ni mpangilio unaoifanya kompyuta, ikishawashwa, ifike kwenye eneokazi la mtumiaji fulani bila kumdai nywila. Nywila yenyewe haifutwi: akaunti inaendelea kuwa nayo, na kwenye mifumo mingi kompyuta ndiyo inayoitoa kwa niaba ya mtu. Ili iweze kufanya hivyo, ni lazima iwe imeihifadhi mahali fulani ndani yake, na mahali hapo ndipo penye suala zima la usalama.

Kuwa na akaunti isiyo na nywila kabisa ni jambo jingine, na halifai. Windows, kwa mpangilio wake wa awali, haikubali akaunti ya namna hiyo itumike kupitia mtandao, hivyo hata folda zilizoshirikiwa kati ya kompyuta mbili za nyumbani zinaweza kukataa kufunguka.

Kwenye Windows, njia ya kawaida ni kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, kuandika netplwiz, kisha kubonyeza Enter. Hutokea orodha ya watumiaji, na juu yake kisanduku kinachosema kwamba watumiaji wanatakiwa kuandika jina na nywila. Huchaguliwa jina la anayehusika, tiki huondolewa, mabadiliko hukubaliwa, na dirisha dogo huomba nywila mara mbili. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Dirisha hilo halikagui kama nywila iliyoandikwa ni sahihi. Linalinganisha tu ile ya kwanza na ya pili. Aliyezoea kuingia kwa PIN huandika PIN, dirisha linakubali, na kompyuta ikiwashwa tena inaleta ujumbe wa kosa. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti, na kwa mwenye akaunti ya Microsoft ni ileile anayofungulia barua pepe yake ya huko. Kwenye Windows 11 kisanduku chenyewe huenda kisionekane. Sharti kwanza kizimwe, katika mipangilio ya njia za kuingia, kile kipengele kinachoruhusu Windows Hello (kuingia kwa PIN, uso au alama ya kidole) peke yake.

Wapo wanaopitia rejista ya Windows, kwa kuweka AutoAdminLogon kuwa 1 na kuandika nywila kwenye DefaultPassword. Njia hii inafanya kazi, lakini nywila hubaki pale kwa maandishi ya wazi, na anayeweza kufungua rejista anaisoma. Programu ya Autologon, inayotolewa bure na Microsoft katika mkusanyiko wa Sysinternals, ina nafuu kwa kuwa huisimba nywila hiyo. Hata hivyo, mwenye mamlaka ya msimamizi bado anaweza kuifumbua.

Kwenye Mac, mpangilio uko katika sehemu ya watumiaji na vikundi. Nywila huwekwa kwenye faili la kcpassword, imefunikwa kwa namna nyepesi ambayo wataalamu wameijua kwa miaka mingi. FileVault, yaani usimbaji wa diski wa Mac, ikiwa imewashwa, mpangilio huu hauwezi kuchaguliwa, na hilo ni jema. Kwenye Ubuntu huwashwa katika mipangilio ya watumiaji. Nywila haihifadhiwi, kwani mfumo huelekezwa tu kufungua akaunti fulani. Matokeo yake ni kwamba hazina ya nywila za programu hubaki imefungwa, na kivinjari kinaweza kuomba nywila ileile iliyokwepwa mwanzoni.

Usimbaji wa diski ndio unaoamua kama mpangilio huu ni wa busara. Kwenye Linux iliyosimbwa yote, nywila ya diski huombwa kabla mfumo haujaanza, kwa hiyo kuiruka ile ya pili hakupunguzi kitu kikubwa. BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, ni tofauti. Kwa kawaida hujifungua yenyewe kwa msaada wa chipu ya TPM, na ikiambatana na kuingia moja kwa moja, mwizi wa kompyuta anahitaji kubonyeza kitufe cha kuwashia tu. Atakuta kivinjari chenye nywila zilizohifadhiwa na barua pepe iliyo wazi. Na kwa barua pepe hiyo ataweza kubadili nywila za huduma nyingine. Kwa sababu hiyo mpangilio huu unafaa kompyuta ya mezani isiyotoka nyumbani, tena kwa akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Kompyuta mpakato haifai kuwekewa.

Kuamka kutoka usingizini huongozwa na mpangilio mwingine, hivyo mashine inayojifungua ikiwashwa bado inaweza kudai nywila baada ya kulala. Mtumiaji wa pili kwenye Windows hushikilia kitufe cha Shift wakati mashine inapoanza ili aingie kwa akaunti yake.

Kwenye Windows, kuondoa mpangilio ni kurudisha tiki kwenye kisanduku kilekile cha netplwiz. Aliyepitia rejista hana budi pia kuifuta DefaultPassword kwa mkono, hasa kabla ya kuiuza kompyuta au kuipeleka kwa fundi.