Friza Ikinguruma Bila Kuwaka
Mazungumzo na wauzaji samaki, Garsen

Joto la Garsen mnalijua. Friza ikikwama, samaki wanaweza kuharibika.

Stima ikipotea kisha irudi, wengi wetu huwasha friza papo hapo. Subirini dakika tano. Gesi iliyobanwa upande mmoja wa kompresa haijatulia bado, na mota ikilazimishwa kuanza huvuta umeme mwingi, hupata moto, kisha hujikata.

Sasa, ikinguruma kidogo, ikalia “tik”, ikanyamaza, msikubali kuuziwa kompresa mpya siku hiyo. Fundi apime kwanza stima kwenye soketi. Yetu ni volti 240. Ikiwa chini sana, mota haina nguvu ya kuanza. Iko sawa? Apime relei na kapasita, ambazo bei yake haifiki hata karibu na ya kompresa. Na akisema “tuongeze gesi”, muulizeni gesi itaizungusha vipi mota iliyokwama. Eyakondishena za ofisini pia hukwama hivyohivyo.

Ila kapasita msiiguse. Hata friza ikichomolewa, huhifadhi umeme wa kukurusha. Fundi aitoe chaji kwanza.

Wakati huo mfuniko ubaki umefungwa.