Kelele za Kazini na Masikio ya Baba Watoto

Leo ninazungumza nawe mama, pamoja nawe unayetunza wagonjwa na wazee nyumbani.

Baba watoto amerudi jioni kutoka kazini Shimanzi. Unamkaribisha chai, hajibu. Mtoto anamwita mara tatu, kimya. Redio ameifungulia mpaka jirani analalamika. Nawe unasema moyoni, “Siku hizi ana kiburi.” Mama, huenda si kiburi. Huenda hasikii.

Shimanzi ni mtaa wa magodauni, karakana na malori, jirani na bandari ya Kilindini. Anayekata vyuma kwa grinda au kushinda kando ya jenereta hupigwa na kelele mchana kutwa. Ndani ya sikio mna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele nyingi huviua, navyo havioti tena. Dawa ya kuvirudisha hakuna.

Dalili ni hizi: mlio masikioni baada ya kazi, kusikia sauti bila kushika maneno, kutosikia vizuri sauti nyembamba, kama za watoto. Muulize pia: “Kazini, mwenzako akiwa hatua moja nawe, mnapigiana kelele ndipo msikizane?” Akisema ndiyo, kelele hiyo ni ya hatari.

Sasa, sheria yasemaje? Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini hazimruhusu mwajiri kumweka mfanyakazi kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Kelele ikipita desibeli 85, mwajiri lazima awe na mpango wa kuipunguza. Vizibo au vifuniko vya masikio hutolewa na mwajiri, wala havikatwi kwenye mshahara. Baba naye avivae, asivitie mfukoni.

Na madhara yakishatokea? Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua uziwi unaotokana na kelele za kazi kuwa ugonjwa wa kazini. Wengi huacha kudai wakidhani ni lazima wathibitishe uzembe wa mwajiri. Chini ya sheria hii si lazima. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba madhara yametokana na kazi.

Kwa hiyo, mama, fanya haya:

Kwanza, mhimize apimwe usikivu kwa daktari wa masikio, pua na koo. Amweleze kazi anayofanya na miaka aliyoifanya. Huenda tatizo ni nta au usaha tu, nalo hutibika.

Pili, amjulishe mwajiri kwa maandishi, abaki na nakala.

Tatu, tunza kadi ya kazi, hati za mshahara na majibu ya daktari mahali pamoja.

Nne, apeleke madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Asikawie. Haki ya kudai ina muda wake, ukipita imepotea.

Wewe ndiwe wa kwanza kugundua, kabla ya daktari na kabla ya mwajiri. Usimnunie. Keti mbele yake, akuone uso, useme naye polepole. Kisha mwende mkapime.